Donge la Mwisho la Mama Joaquim

Esperanca alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji mwaka 1964 akiwakimbia Wareno. Wenzake walivuka na masufuria na mikeka, yeye alivuka na mwanawe Joaquim na kitu kilichoviringishwa kwenye majani ya mgomba. Tulidhani ni mali. Akakifungua: tunda! Tunda la manjano lenye matuta, zito kama jiwe la kusagia. Nikacheka, wala sikujificha.

"Cheka tu, dada," akaniambia. "Baba yangu alitunza bustani ya misheni. Hii ni kakao. Mapadri walikuwa wakiinywa kila jioni, wakazeeka mgongo umenyooka."

Alipewa kipande cha shamba bondeni, karibu na kisima tunakochota maji. Akapanda mbegu zake kwenye kivuli cha migomba. Miche ikafa, ukabaki mmoja. Joaquim naye akakua, akarudi ng'ambo kupigana vita. Mama mtu akabaki na mti.

Siku moja akaniita niende kuuona. Jamani! Vijiua vimetoka shinani, kwenye gome lenyewe, vidogo kama punje za mtama. Baadaye matunda yakaning'inia pale pale kwenye shina kama yamegandishwa na gundi. Mimi nimezaliwa kwenye mikorosho. Tangu utoto naona bibo la mkorosho limebeba mbegu yake nje, nikadhani Mungu amekwisha kunionyesha vituko vyake vyote. Kumbe bado. Nilisema Subhanallah, na kicheko changu kikaishia hapo.

Mwaka 1971 mdogo wangu Rehema akajifungua binti, akatokwa na damu nyingi. Midomo ikawa myeupe, akimbeba mtoto mikono inatetemeka. Mganga wa zahanati akampa vidonge vya kuongeza damu, akasema, "Dawa bila chakula haisimami. Ale." Kula sasa ndiyo kazi! Uji wa pilipili manga anausukuma. Samaki anasema ananuka. Maziwa yakakauka, mtoto analia kisauti kama cha paka, na mama kageukia ukutani. Nilianza kuogopa.

Esperanca akaja na matunda mawili, ndiyo yote uliyozaa mti msimu ule.

"Kakao inamrudishia mtu hamu ya kula na nguvu," alimwambia Bi Mwanaisha, mama mkwe wa Rehema. "Lakini tungoje, mama. Mbegu zivundikwe kwanza."

Bi Mwanaisha anajulikana kijiji kizima kwa kukaanga korosho. "Tangu sijaota meno nakaanga korosho," akasema. "Leo nifundishwe kukaanga mbegu na mtu aliyekuja juzi na mtumbwi? Mgonjwa hangojeshwi!"

Esperanca alipokwenda shamba, bibi huyo akapasua matunda, akafyonza ule utamu mweupe wa ndani, akazikaanga mbegu zile zile mbichi juu ya debe kama korosho. Akatwanga, akachemsha, akampa mgonjwa. Rehema alionja mara moja tu. Uso ukamkunjamana kama aliyelamba mafuta ya ganda la korosho, akatema yote kifuani.

Esperanca aliporudi alitazama maganda, akakaa chini. "Mmeziua. Kakao hulazwa kwenye majani ya mgomba, ifunikwe, ichache mpaka ipate joto lake yenyewe. Ndipo ukali unapotoka. Kisha jua, ndipo moto."

"Basi hakuna nyingine?" Bi Mwanaisha aliuliza, sauti imemshuka.

"Kuna donge moja. La Joaquim."

Wote tulijua. Lilikuwa la msimu uliopita, alilitwanga na kulifinyanga, akaliweka ili mwanawe akirudi lichemshwe siku hiyo. Na habari za Joaquim zilikuwa zimekatika. Sikumwomba. Hata ulimi wangu mimi una mahali unaposimama.

Akainuka mwenyewe, akaenda, akarudi nalo. Akalikwangua kwenye maji ya moto, Bi Mwanaisha akakamua tui la korosho bila kuambiwa, wakatia sukari kidogo. Harufu ile siwezi kuieleza. Nyumba nzima ilikuwa kama imefunguliwa madirisha. Rehema akageuza shingo kutoka ukutani. Akanywa. Akanyoosha kikombe aongezwe. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuisikia tangu ajifungue:

"Muhogo upo?"

Bi Mwanaisha alikimbia jikoni, na miguu yake ile mibovu!

Mganga alipoambiwa hakucheka. "Ina madini ya damu na mafuta ya kutia nguvu," akasema. "Ila vidonge ameze asubuhi, kakao anywe jioni, visikutane. Na sukari msizidishe." Kwa hiyo sisemi kakao peke yake ilimwinua. Nasema aliyekataa kula alikula, na maziwa yakarudi.

Msimu uliofuata Bi Mwanaisha ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye kapu la kuvundikia. Akapenyeza mkono chini ya majani, akauchomoa haraka.

"Inachemka! Hakuna moto, jamani, na inachemka!"

"Nilikwambia, mama," Esperanca akacheka.

Joaquim alirudi mwaka 1975, vita vimekwisha, anachechemea lakini mzima. Mama yake alimshika uso, hata kuwasha moto akasahau. Aliyewasha ni Bi Mwanaisha, akatoa donge aliloliweka kila msimu, akilibadilisha jipya likipatikana, hamwambii mtu.

"Kunywa, mwanangu. La kwako la zamani alilinywa mkamwana wangu."

"Yupi?"

Rehema alikuwa anapanda kutoka kisimani, ndoo imejaa kichwani, mikono yote miwili imeachiliwa, binti yake mbele anamkimbiza kuku.

Bi Mwanaisha akaonyesha kwa kidevu. "Yule."