Viatu vya Kwendea Jambiani

Miguu yangu haikuumbwa kwa ajili ya gauni. Gauni linataka mguu mwembamba, unaochungulia chini ya pindo kama mgeni mwenye haya. Wangu hutoka mzima mzima, kama mtu aliyekuja kugomba. Mbele umetanuka, kidole gumba kina nundu, na likiingia joto la kaskazi unaumuka kama unga uliotiwa hamira. Asubuhi kiatu kinaingia, adhuhuri hakitoki.

Kwa mtu mwingine hili lingekuwa jambo dogo. Mimi ni mshonaji. Nashona magauni na sketi za wenzangu, na zangu mwenyewe ninazo tele, kabati halifungi. Nina sketi ya marinda ya rangi ya ukwaju. Nina gauni la pamba la maua madogo ambalo nikilivaa mbele ya kioo hujisemea, si haba. Kioo changu, kwa bahati, kinaishia magotini.

Naishi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, juu ya ngazi zilizojengwa na mtu asiyependa wageni. Mteja akija na kitambaa hapandi. Anaita kutoka chini, mimi naitika "naam" dirishani, nateremsha kikapu kwa kamba. Kitambaa kinapanda, gauni linashuka. Mkate nao napandisha hivyo hivyo, na ndizi, na maneno ya mtaani. Jirani yangu wa chini husema hajapata kuona mtu anayejifuga mwenyewe.

Zamani tulikuwa wawili. Mdogo wangu na mimi tulibaki katika nyumba hii baada ya mama kufariki, yeye akikata, mimi nikishona, tukigombana tangu alfajiri. Kisha, umri wa kuposwa ukiwa umeshatupita sote wawili, alikuja mwanamume mmoja wa Jambiani, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wake, akamposa. Gauni la harusi nilimshonea mimi. Gari lilipokuja kumchukua nilikuwa bado nalibana upindo, pini ziko mdomoni, kwa hiyo sikuweza kusema neno. Watu wakasema nina moyo mgumu.

Tangu hapo hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala.

"Dada, utakuja lini?"

"Nikipata viatu."

"Bado hujapata tu?"

"Vyote vinaniuma."

"Haya, tafuta. Sisi tupo."

Ijumaa hadi Ijumaa, mwaka hadi mwaka. Wala sikuwa nikisema uwongo. Kufika Jambiani ni kutembea hadi kituoni, kusimama juani, kisha kukanyaga mchanga kutoka barabarani hadi kwao. Na huwezi kuingia nyumba ya shemeji kwa mara ya kwanza umevaa champali za kuogea. Utasemwa hadi urudi mjini na bado wanasema. Nilitaka viatu vya wazi, laini, visivyo na kisigino, vya kuvaliwa na gauni bila ya kunifanya nionekane naenda kuchota maji. Hivyo tu.

Nilitafuta. Darajani palikuwa na muuzaji mmoja aliyenikalisha kwenye kigoda, akanivisha kiatu kwa nguvu kama anafunga gunia.

"Bi mkubwa, hiki kitajivuta."

"Lini?"

"Ukivae ndani ya nyumba kwanza. Kikuzoee."

"Mimi ndo nizoewe na kiatu?"

"Mambo ni kuzoeana, bi mkubwa. Hata ndoa ni hivyo hivyo."

"Ndo mana sikuolewa," nikamwambia.

Alicheka hadi akanishushia maboksi yote ya juu. Vingine vilikuwa na vioo mbele, vingine kipepeo wa plastiki, vingine gidamu nyembamba iliyopita pale pale penye nundu, kana kwamba aliyevitengeneza ananijua na ana kisa na mimi. Mwisho nilinunua vyeusi vya kufunika. Sikuvipenda. Nilikuwa nimemchosha mtu, nikaona haya kutoka mikono mitupu. Nikavivaa nyumbani, nikikaa cherehanini, ili vinizoee. Havikunizoea.

Kaskazi iliyopita jirani wa chini alifanya maulidi ya arubaini ya mjukuu wake mchanga, mtaa wa Malindi hapa hapa mjini, kwa binti yake. Udhuru wa kutokwenda sikuwa nao; ndiye anayenitilia mkate kikapuni. Nikavaa gauni la maua madogo, buibui juu yake, na vile vyeusi.

Shughuli za wanawake kwetu zina kejeli yake. Mtu ahangaike na viatu wiki nzima, kisha akifika avivue mlangoni. Ndani buibui linavuliwa, gauni linaonekana, dhahabu inaonekana, hina ya nyayoni inaonekana. Viatu peke yake ndivyo vinavyobaki nje, vimelaliana kama dagaa, vikisikiliza kasida kwa mbali. Siku ile nilifurahi sana vyangu kubaki nje. Nilikaa mkekani, miguu nimeificha ndani ya gauni, nikaitikia pale pa kuitikia. Wanawake walikaa wawili wawili, watatu watatu, kila mmoja na mtu wa kumnong'oneza. Mimi nilipata nguzo. Kwa hiyo chakula kilipokwisha nikaingia jikoni kuosha sahani, kwani jikoni mtu haulizwi kwa nini yuko peke yake.

Nilipotoka, mlangoni palikuwa peupe. Vyangu havikuwapo. Yalibaki makubadhi, jozi moja, ya ngozi ya kahawia, mapana, gidamu imeshonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine, soli imelika upande. Nikauliza ndani, hakuna aliyeyajua. Nikatia mguu.

Sitaki kukuza mambo. Lakini nilitoka Malindi, nikafika kwangu, nikaupita mlango wangu mwenyewe na kuendelea hadi Shangani, kwa sababu hakuna kilichoniambia nisimame. Ngozi ilikuwa imeshalegezwa na mguu wa mtu mwingine, mpana kama wangu, na mahali pa nundu yangu palikuwa na kishimo kilichobonyea tayari. Maana yake mahali fulani kisiwani humu palikuwa na mwanamke mwenye nundu pale pale. Nilikwenda nikimfikiria kama mtu anavyomfikiria ndugu yake.

Kesho yake jirani aliyatazama makubadhi kutoka ngazini kwake akayajua mara moja. Yalikuwa ya shangazi yake wa Makunduchi, aliyekuja kwa maulidi akarudi siku ile ile. Akanipa namba. Nikapiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndo weye mwenye viatu?"

"Ndiye mimi."

"Hebu nambie, mwanangu. Vile unavivaa, au umehukumiwa?"

Nikasema navivaa kwenye shughuli.

"Gari linapiga honi, macho yenyewe haya, nkatia mguu penye uwazi. Nlijua si vyangu tulipofika Kitogani, vilipoanza kuntafuna. Nkashuka miguu mitupu, vyenyewe nimevipakata kama mtoto."

"Pole, shangazi. Basi ntakuletea yako, unipe vyangu."

"Vyako sinavyo. Mjukuu wangu kavitia mguuni, kaondoka navyo Kiwengwa, anafanya kazi hotelini. Kwake vimekaa kama kakatiwa yeye. Hayo makubadhi yamekuumiza?"

"Hayakuniumiza. Jana ndo kwanza nimelala bila ya kuchua miguu."

"Basi kaa nayo. Mie fundi wangu yupo, atankatia mengine. Ila huku uje siku moja nikuone, mana wenye miguu hii hatuko wengi."

"Ntakuja, inshallah."

"Inshallah ya watu wa mjini naijua," akasema, akakata simu.

Hivyo ndivyo nilivyopata viatu, baada ya miaka ya kutafuta: kwa kuachiwa. Nikawa nashuka ngazi kila alasiri. Nilivaa sketi ya ukwaju, ile ya marinda, na makubadhi yakakaa chini yake kama vilizaliwa pamoja. Muuza mboga wa Mkunazini, ambaye kwa muda mrefu alinijua kwa mkono tu, alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Leo kikapu kimeshuka na mwenyewe ndani yake."

"Kamba imekatika," nikamwambia.

Kisha nikaanza kuwatafuta watu, na hapo ndipo nilipoona kwamba viatu vizuri vina ubaya wake. Vinakufikisha. Shoga yangu wa skuli aliyekuwa akikaa Kiponda alikuwa ameshahamia Fuoni kwa mwanawe. Mlango wake una kufuli yenye kutu, na mwanamke wa mlango wa pili alishangaa kwamba sijui. Hurumzi, nyumba ya mwenzangu niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa watoto imegeuka hoteli. Nilisimama mlangoni nikaziangalia zile ngazi tulizokuwa tukikalia kusukana nywele. Mlinzi akanijia kwa adabu.

"Bi mkubwa, kazi ya usafi tushapata mtu."

"Hamna neno," nikamwambia. "Napumzisha miguu tu."

Na miguu haikuwa imechoka hata kidogo.

Nikarudi nikijiambia kwamba mji si mahali pa makubadhi haya. Viatu hivi vilikuwa na safari yao, na safari yenyewe ni Jambiani. Ijumaa ikafika, simu ikalia baada ya sala.

"Dada, utakuja lini?"

"Nshapata viatu."

Nilisikia kuku wao, nikasikia mtoto anaita, nikasikia hata upepo.

"Umepata vipi?"

"Makubadhi. Laini kama mkate wa kumimina. Nnaweza kuja hata kesho."

"Kesho," akasema, wala si kwa kuuliza. "Dada, unajua, mama mkwe kahamia kwetu tangu mwezi wa mfungo sita. Kile chumba cha wageni ndo chake sasa. Watoto wanalala ukumbini. Sijui hata ningekulaza wapi. Hebu tungoje kidogo, mume wangu aezeke lile banda la uani."

"Hamna neno."

"Si kama sitaki."

"Najua."

Na nilijua kweli, ndilo lililoniuma. Miaka yote ile aliniita kwa moyo mkunjufu kwa sababu alijua siendi, na mimi nilimwitikia kwa sababu nilijua hataacha kuniita. Viatu vibovu vilitusitiri sote wawili. Yeye hakulazimika kunionyesha kwamba nyumba yake imejaa. Mimi sikulazimika kwenda kuona kwamba imejaa bila yangu.

Ningeweza kuliacha pale. Kila kilichomo ndani yangu kilitaka niliache pale, nimuulize habari za watoto, nirudi kwenye cherehani. Ijumaa ijayo angepiga tena, labda, na tungetafuta udhuru mwingine wa kutufaa. Lakini nilikuwa nimetoka Hurumzi juzi tu, na sikutaka siku moja kufika na kwake nikakuta mlinzi.

"Sitaki kulala," nikasema. "Ntakuja asubuhi, nirudi alasiri. Nataka kukuona tu."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne bamvua. Maji yanatoka mbali, wanawake sote tunakuwa huko baharini kuvuna mwani mpaka yarudi."

"Basi ntakuja huko huko mwanini."

"Kwa viatu gani?" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nikamsikia yule aliyekuwa akinigombeza alfajiri juu ya mkasi. "Kuna matumbawe, kuna vigingi, kuna miba. Na mguu wenyewe huo wa kukaa ndani."

"Ntakaa pwani nikungoje."

"Utangoja sana, dada."

"Kungoja nnakujua."

Nilidhani simu imekatika, nikaitoa sikioni kuiangalia, ilikuwa bado. Kisha akasema, "Basi njoo," na hapo hapo mtu akamwita, akaenda.

Siku zilizofuata nililirudia lile "njoo" kwa sauti, peke yangu hapa juu, nikijaribu kulisema kama alivyolisema, nijue kama ni lile la Ijumaa zote au ni jingine. Sikuweza. Jumanne asubuhi nikafunga mlango, nikaenda kituoni mapema kuliko ilivyohitajika.

Nilipofika kwao maji yalikuwa yameshatoka. Nyumbani nilimkuta mama mkwe tu, kizee mpole, akanipa maji ya kunywa, akanielekeza njia ya pwani kwa kidevu. Nikaenda nikakaa mchangani kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake walikuwa mbali sana, kwenye maji ya magotini, wameinama juu ya kamba zao za mwani, na kanga zilivyolowa zote zilikuwa rangi moja. Sikuweza kumjua ni yupi. Kila aliyeinuka kunyoosha mgongo nilimpungia mkono. Wengine hawakuona. Mmoja akapunga, baadaye mwingine upande wa pili kabisa, na wote wawili wakainama tena. Nikaendelea kupunga.