Anayezinyima Chakula Seli za Mumewe

Saa tatu asubuhi Shizue Kuwabara ameketi mbele ya kabati la kioo katika maabara moja jijini Osaka, glavu mikononi, akifanya kazi anayoichukia kuliko zote. Anafyonza kimiminika chekundu kutoka kwenye kisahani. Hicho ndicho chakula cha seli. Anachozirudishia ni maji ya chumvi matupu.

"Samahanini jamani," anazinong'oneza. "Vumilieni kidogo."

Wenzake humtania kwamba iko siku zitamjibu. Lakini seli hizi zimekuzwa kutoka kipande cha ngozi ya mumewe, Tetsuji, fundi wa tofu aliyefunga duka mikono ilipoanza kumtetemeka. Ugonjwa wake hurundika takataka ndani ya seli za ubongo mpaka zinakufa. Kasoro hiyo huonekana hata kwenye seli za ngozi. Ngozi aliitoa kwa hiari, na Shizue akaomba seli hizo azitunze yeye.

Njaa ya kiasi ina faida yake. Seli ikishiba, kuna protini ndani yake inayozuia usafi usianze. Chakula kikikatika, kizuizi huachia, na seli hufungasha takataka zake kwenye vifuko, ikazisaga, ikala kilichopatikana. Njaa ikizidi, hufa. Maabara inataka kujua kama seli za Tetsuji bado zinaweza kujisafisha. Kama zinaweza, kuna sababu ya kutafuta dawa ya kuziamsha.

Agosti, Shizue aliliharibu jaribio hilo. Zilikuwa siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, kila nyumba ikiwaandalia marehemu wake chakula.

"Nimetoka kuwapakulia wafu, nije huku niwanyime walio hai? Roho ilikataa kabisa," anasema.

Akabakiza matone machache ya chakula kisahanini. Yalitosha. Hakuna seli iliyojisafisha.

Dakta Noguchi, msimamizi wake, hakupaza sauti. "Mama Kuwabara, huruma yako imenidanganya," alimwambia. "Nusura niandike kwamba zimeshindwa, tuzitupe."

Jioni ile Shizue alimweleza mumewe huku akimlisha uji kwa kijiko. Tetsuji alicheka mpaka akapaliwa.

"We mama, mimi nisiyetaka unanilazimisha, halafu wale niliowatuma kufunga unawapelekea chakula! Wanyime bwana."

Leo hakubakiza hata tone. Mchana Noguchi anamwita kwenye darubini. Seli za mtu asiye mgonjwa, zilizonyimwa chakula vilevile ili kulinganisha, zimejaa vidoa vya kijani, kama ufuta juu ya wali. Kila kidoa ni kifuko cha takataka. Kisahani cha Tetsuji ni giza. Shizue anakisogeza taratibu, anasogeza tena. Pembeni kabisa, vidoa vichache vinang'aa.

"Zinajaribu," anasema Noguchi. "Ila polepole mno."

"Na dawa, Daktari?"

"Miaka, mama. Labda kumi. Labda zaidi."

Hospitali imeshamwambia Shizue asitegemee kuuona msimu wa baridi ukiisha akiwa na mumewe. Anaitikia kwa kichwa, kisha anakwenda kuzirudishia seli chakula chao. Machozi yanamtoka, na kwa glavu hawezi kuyafuta.

Ombi lake ameshalipeleka: Tetsuji akifariki, seli zake zisitupwe, na mlishaji awe yeye.

"Yeye ataondoka, najua," anasema akivua glavu. "Hizi zibaki mpaka dawa ipatikane, hata kama ni ya mume wa mwenzangu."

Na jioni hii, atamwambia mumewe nini?

"Kwamba zinajaribu," anajibu. "Hilo la polepole nitabaki nalo mwenyewe."