Meno ya Juu ya Masanja

Nilipokuwa mtoto, darasa la tatu hivi, nyumbani kwetu Misunkumilo kulikuwa na katazo ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba nyingine: mdogo wangu Masanja asichekeshwe mbele ya watu. Mama aliniambia siku moja akiwa ananisuka, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mkiwa nje akianza kucheka, mlaze begani. Watu wasimwone kinywa."

Masanja alikuwa anaota meno, na yalikuwa yametangulia ya juu. Kwa wazee wetu Wasukuma, na kwa wazee wa majirani zetu pia, mtoto wa namna hiyo ni kigego. Kigego huleta balaa: ng'ombe hufa, mvua hukataa, ndugu huzikana. Zamani, walisema kwa kunong'ona, watoto hao hawakukuzwa. Sikuelewa maana ya "hawakukuzwa", ila nilimwona mama anavyoinama akilisikia neno hilo, nikajua si la kuuliza.

Tabu ni kwamba meno hayafichiki kwa mtoto asiyelala. Udenda ulimlowesha kifua chote. Alitafuna pindo la kanga, kidole cha mama, mpini wa mwiko. Akisinzia kidogo, anazinduka na kulia upya. Mama alimsugua fizi kwa kitambaa safi alichokichovya kwenye maji ya mtungini, akambembeleza kwa nyimbo mpaka sauti ikamkauka. Mchana alisinzia akiwa amesimama, na mara moja uji uliungua huku mwiko ukiwa mkononi mwake. Baba alikuwa fundi ujenzi, wakati ule ana nyumba anayoijenga Kashaulili. Akirudi jioni alimpokea mtoto na kuzunguka naye uani ili mama afumbe macho kidogo. Kuhusu meno hakusema lolote. Nadhani alikuwa anasubiri ya chini yaote, mambo yaishe yenyewe.

Jirani yetu, mama Zuhura, alichoka kusikia vile vilio.

"Mama Nyamizi, huyo mtoto ana nini?" aliuliza kutoka upande wake wa ua, akimwita mama kwa jina langu. "Mlete nimwone."

"Ni tumbo tu."

"Tumbo mwezi mzima?"

Mama akaingia ndani kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Tangu siku hiyo akaacha hata kumpeleka kliniki. Pale watoto huning'inizwa kwenye mzani, na mtoto akining'inizwa hulia kinywa wazi, huku wanawake wa mtaa mzima wamekaa kwenye benchi wanatazama.

Ndipo homa ikaja. Mama akasema ni homa ya meno. Siku ya kwanza Masanja alilia sana, siku iliyofuata akalia kidogo, na mimi nikafurahi kwamba nyumba imetulia. Sikujua kuwa mtoto mgonjwa akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Katika utulivu huo akaingia bibi, mama yake baba, kutoka Sitalike. Hakuwa ameitwa. Alikuwa amebeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwa sababu aliwahi kuniambia kwamba mjukuu asiyekula michembe hatamkumbuka bibi yake. Nilimpigia magoti nikamsalimu. Yeye alikuwa tayari anatazama ndani.

"Nipe mjukuu wangu," alimwambia mama.

"Amelala, mama."

"Hajalala. Nasikia anavyohema."

Mama hakumpa mtoto. Bibi akamchukua mwenyewe, polepole, kama mtu anayetoa kisu mkononi mwa mtoto. Masanja akafungua kinywa alie, sauti isitoke, na yale meno mawili ya juu yakaonekana wazi. Bibi aliyatazama.

Mama alikuwa chini, magoti sakafuni. "Nakuomba, mama. Usimwambie mtu."

Bibi alimwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso. Kisha akauliza, "Ana joto hili tangu lini?"

"Tangu juzi. Ni meno."

"Meno gani yanachoma hivi? Lete kanga."

Alimfunga mgongoni mwake, uso wa mtoto ukiwa nje. Mama alipotaka kumfunika, bibi alimsogeza mkono. Tukapita mbele ya mama Zuhura, aliyekuwa anapepeta mchele. Akatuamkia. Bibi akaitikia na kusimama, ingawa tulikuwa na haraka.

"Tunampeleka mjukuu wangu zahanati," alisema. "Anaota meno. Yametangulia ya juu."

Alisema kama mtu anayesema kwao mvua imenyesha. Mama Zuhura alibaki ameshika ungo, mchele haurushwi.

Zahanati walimtoboa kidole, wakakuta malaria. Muuguzi hakugomba. "Meno humkosesha mtoto usingizi," alimwambia mama, "lakini homa kali namna hii msiisingizie meno. Mngekaa naye siku nyingine..." Mama alilia pale kwenye benchi, na nadhani alikuwa analia pia kwa kukosa usingizi.

Masanja alipopata nafuu, bibi hakuondoka. Alimchukua mtoto, akamwambia mama alale, na mama akalala mchana kutwa mpaka nikaenda kumchungulia kama anapumua. Jioni moja tulikuwa tunabangua karanga watatu, bibi akaanza kusema bila kuulizwa.

"Nilizaa mmoja wa hivi kabla ya mume wako. Msichana. Walimchukua nikiwa shambani. Niliporudi nikaambiwa aliugua ghafla."

"Hukuuliza, mama?"

"Ningemuuliza nani? Wote walikuwa wakubwa wangu."

Tukaendelea kubangua.

Mama Zuhura alikaa siku nyingi bila kuja. Alipokuja, bibi alimwekea mtoto mapajani bila kumwomba ruhusa. Mama Zuhura alimshika kama anayeshika chungu cha moto. Baadaye kidogo nikaona anamwekea vizuri kola ya shati.

Masanja sasa ni mwanaume mwenye familia, na bibi bado yupo Sitalike, haoni vizuri. Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama ya mwanamke aliyevuka imani za zamani. Sivyo ilivyokuwa. Wakati ule, kila asubuhi, bibi alichukua maji kinywani akampulizia Masanja kifuani, akiwasihi marehemu wa ukoo wasimletee mtoto huyu neno. Alikuwa anaogopa kweli.

Mwaka jana binti yangu alianza kuota meno. Nilikesha naye kama mama alivyokesha, na kila kukicha, kabla hata sijamwosha uso, nilimwinua mdomo kwa kidole nichungulie. Mimi niliyesoma, ninayejua malaria ni nini na meno ni nini. Yalipotokeza ya chini nilishusha pumzi, kisha nikakaa kitandani nimempakata, nikimfikiria bibi. Angekuwa haamini, kumbeba Masanja kusingekuwa kazi. Aliamini kuliko sisi sote, na bado alimfunga mgongoni.