Paulina kapata kazi

Leo nimepongezwa mpaka nikatamani kulia.

Mnajua kila Jumamosi nakaa na wasichana wa hapa Nangara walioacha shule. Nawatia moyo, nahangaika kuwatafutia nafasi za kurudi darasani. Paulina ndiye niliyemtegemea kuliko wote. Januari alikuwa anaanza, kila kitu tayari.

Leo kaja na begi.

"Shikamoo Mama Doreen. Nimekuja kuaga. Nimepata kazi!"

Na anatabasamu, jamani.

Nikamuuliza kazi gani. Akanionyesha bajaji iliyosimama nje. Ndani kakaa Mama Glory, tunayefanya naye kazi ofisi moja, kampakata mwanawe.

"Mama Doreen, asante! Dada yangu wa kazi kaondoka ghafla, nikamkumbuka huyu wa kwako. Wasichana wako wana adabu, kweli umewafunza!"

Nikasema, "Na shule yake?"

Akanishangaa. "Si atasoma tu baadaye? Kwani wewe watoto umewaacha na nani?"



Nimewaacha na Vero, dada yangu wa kazi. Vero ni wa umri wa Paulina kabisa, na sijawahi kumleta hata Jumamosi moja, maana akija yeye, mimi siji.

Paulina kapanda bajaji, ananipungia mkono kwa furaha.

Mama Glory akachungulia nje. "Sasa nimepata wa kubaki na mtoto, Jumamosi nitakuwa nakuja kukusaidia kuwafundisha!"

Niambieni, wenzangu. Nimkaribishe?