Kisiki cha Msitu wa Ziwani

Ipo siku moja haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa kidato cha pili, mjuaji kuliko mwalimu. Unaijua bustani ya mji wetu, ule msitu ulio kwenye ulimi wa ardhi ulioingia ziwani. Ziwa ni la chumvi, lakini mle chini ya mikuyu kuna chemchemi ya maji matamu. Wakulima na wafugaji tunachota pamoja, na wote tunajua: mle unaokota kuni zilizoanguka, hukati mti mbichi.

Mimi nikakata. Nilitaka fito za banda la kuku, basi.

Njiani nikakutana na bibi wa jirani zetu wafugaji.

“Shikamoo, bibi.”

Kimya. Nikarudia. Kimya. Kwetu, kuliko kunyimwa marahaba, heri uchapwe.

“Hizo fito umepewa na nani?”

“Ni mti tu, bibi. Shuleni tumesoma, miti huota tena.”

Akacheka. “Haya, msomi. Nenda ukauoteshe. Ukiota, nitakuitikia.”

Mama hakunitetea hata kidogo. Alinipa ndoo. Kiangazi kizima nilimwagilia kile kisiki, wenzangu wakiniita Mama Kisiki. Kila nikimwona bibi nasalimu, hajibu. Siku kilipotoa majani mawili nilikimbia hadi kwake, nikakuta watu wamekaa uani, wameinama. Alikuwa amezikwa jana yake.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu hajakua akaondoka.

Sasa sikia. Wiki hii wanaume wazima, baba zako wadogo wakiwemo, wamekaa kikao wakakubaliana msitu ule ufyekwe, ijengwe baa na mabanda ya nyama choma. Eti maendeleo! Maendeleo gani ya kulewa juu ya chemchemi? Nina hasira, sifichi. Kesho wanawake wa jembe na wanawake wa ng'ombe tunakwenda kukaa pale, na hatuinuki mpaka waache mapanga na watoe mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, wa kutuomba radhi, kama mila inavyotaka. Utakuwa mgongoni kwangu.

Basi shika haya. Ukikosea, usijifiche nyuma ya daftari. Tengeneza mapema, aliyekukanya angali hai. Na kitu cha wote kikiguswa, usibaki ndani ukisema si changu. Asiyesimama leo, kesho atachota chumvi.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mdomo wa kusema na miguu ya kufika, na watoto wako wanywe maji matamu.