Kilemba cha Mkaa na Mteremko wa Mzinga

Niliondoka Mwananyamala kwa sababu ya woga, sioni haya kusema. Wanaokula kibandani kwangu wanajua mie si mtu wa safari; nikifunga jiko siku moja, kesho yake nusu yao wamehamia kwa jirani. Lakini wiki ile redio haikuwa na habari nyingine ila ushuru mpya wa mkaa, na kila sahani ya wali niliyoipakua ililiwa pamoja na mabishano. Karani mmoja, mteja wangu wa chai na chapati, aliutetea kwa moyo wote. Misitu ya Pwani inakwisha, alisema, na anayeimaliza alipe. Kilichompendeza zaidi ni usawa wake: kila gunia ushuru mmoja, liwe la tajiri au la maskini, limetoka Pwani au limetoka Tanga.

"Nyumbani kwako unapikia umeme, braza," akamjibu fundi cherehani wa jirani. "Huo usawa wako haukuunguzi."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, mpaka fundi alipoongeza kwamba tangu ushuru uanze, wabeba mkaa wa baiskeli wanaanguka ovyo pale mteremko wa Mzinga, na juzi wamemzika mmoja. Mwiko ulinitoka mkononi. Mdogo wangu Saidi, tuliyenyonya ziwa moja, anabeba mkaa kwa baiskeli kutoka kwetu Vikindu hadi Mbagala, na njia yake ni hiyo hiyo ya Mzinga.

Alfajiri ya siku ya pili nilifunga kibanda, nikatia kanga ya akiba kwenye kikapu, nikaondoka. Mbagala nilifika jua limeshapanda, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Fidea, mwanamke wa Kusini anayenunua mkaa kwa jumla na kuusambaza mjini, hadi kwetu Mwananyamala. Huko ndiko Saidi anakouzia.

"Saidi mzima," akaniambia kabla sijamaliza kuuliza. "Jana kaniletea gunia. Lakini aliyezikwa alikuwa mwenzake, walikuwa wakitoka pamoja."

Nyuma yake yalisimama magunia ya siku ile, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa. Gunia la mkaa nalijua, nimepikia miaka. Juu ya mdomo wake huwekwa majani na kamba zilizosukwa ili mkaa usimwagike, na hapo watu huongeza mkaa kidogo ukaota kichwa. Ndicho tunachokiita kilemba. Lakini vilemba vya siku ile vilikuwa virefu karibu kama magunia yenyewe. Nikamuuliza Mama Fidea kulikoni.

"Ushuru unahesabu gunia, hauhesabu kilemba," akasema. "Kwa hiyo siku hizi gunia lisilo na kilemba halina mteja."

Kutoka Mbagala kwenda Vikindu nilipata lifti ya lori tupu lililokuwa linafuata mzigo. Tulipofika Mzinga nilitazama chini. Barabara inashuka mpaka darajani, kisha inapanda upande wa pili, lami imeliwa pembeni na mchanga umejaa. Waliokuwa wanakuja mjini walikuwa wanauteremka ule upande wa pili, magunia yamewazidi kimo, miguu wameiburuza chini. Dereva akapiga honi, baiskeli moja ikayumba. Nilifumba macho mpaka tulipovuka.

Vikindu nilimkuta Saidi uani kwake anasuka kilemba. Aliponiona aliinuka akafuta mikono.

"Shikamoo dada. Nani kafa?"

"Marahaba. Hajafa mtu kwetu, nami nimekuja ili asife."

Mkewe alinipa maji na muhogo wa nazi, tukakaa barazani. Nilimwambia niliyoyasikia. Hakubisha.

"Zamani nilikuwaga nabeba mawili mafupi," akasema. "Moja huku, moja huku, baiskeli imetulia kabisa. Sasa mawili ni ushuru mara mbili, na ushuru wa la pili unaimaliza faida yote. Ndiyo nimeyafanya moja."

"Na wenye malori?"

"Wanalipa kwa gunia kama mie, na vilemba wanaweka. Ila lori halianguki kwa kilemba."

Nikamkumbusha maneno ya karani, kwamba ushuru ule ni wa kupanda miti. Saidi akacheka bila furaha. Alisema mche mmoja ameuona, umo kwenye kopo barazani pa ofisi ya misitu. Miti inakatwa kwao, moshi wanakula wao, mkaa unakwenda kupika mjini, na ushuru nao unaufuata mkaa huko huko mjini. Nilitaka kumuunga mkono, lakini macho yalikuwa yananisuta. Nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tukiokota kuni utotoni, palikuwa na visiki mpaka mbali. Karani naye hakusema uongo.

Asubuhi tulitoka wote, yeye anasukuma baiskeli kwenye mchanga, mie naenda pembeni. Lile gunia lilimpita kichwa. Mpaka Kongowe tulikwenda tunataniana, ananiuliza kama nimekuja kumlinda au kumkagua. Mzinga ilipoanza kuonekana, nilishika ile baiskeli nyuma kwa mikono miwili.

"Dada, achia."

"Hushuki na hiki kilemba mie nikiwa hapa."

"Nimeshuka nacho mwezi mzima."

"Na mwenzako naye alishuka nacho mwezi mzima."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwisha. Akafungua kamba, akatoa majani, tukaumimina mkaa wa juu kwenye ile kanga yangu ya akiba. Nikaufunga, nikajitwika kichwani. Gunia likabaki fupi, likalala vizuri kwenye kiti cha nyuma. Saidi alishuka akibana gurudumu kwa katambuga zake, zile ndala za tairi, na harufu ya mpira ulioungua ikanifikia huku nyuma. Lori lilimpita karibu mno nikaita jina la mama. Baiskeli haikuyumba. Aligeuka darajani akanionyesha meno, nami nikamfuata.

Juu ya kilima cha pili, upande wa Mbagala, ndipo palipo na geti la ushuru. Bwana misitu wa pale ni kijana wa bara, mpole, amevaa shati la kaki lililofifia.

"Shikamoo mama. Umebeba nini hapo kichwani?"

"Marahaba baba. Mkaa."

"Basi mna magunia mawili."

Nilimweleza yote: lilikuwa gunia moja, tumelipunguza ili mtu asife. Alisikiliza mpaka mwisho, na naamini alinielewa, kitu ambacho kilinitisha zaidi kuliko kama angenifokea.

"Mama, mie nimetumwa kuhesabu mizigo, sikutumwa kupima," akasema. "Angekuja na kilemba chake ningemhesabia moja. Nikikuachia wewe, kesho kila mmoja atakuja na dada yake ana kanga kichwani. Na mie kwetu Dodoma nimeona nchi inavyokuwa miti ikiisha. Sitaki na hapa pawe vile."

Ushuru wa pili hatukuwa nao. Akasema basi itabidi abaki na baiskeli mpaka tuulete, na Saidi akaishika baiskeli yake kana kwamba anashika mtoto. Baiskeli ile ikilala getini, nyumba nzima inalala njaa. Nikatua kanga, nikaumwaga mkaa wetu kwenye fungu la mkaa uliokamatwa, nyuma ya kibanda chake, tukapita na gunia moja.

Mbagala, Mama Fidea alilizunguka gunia mara mbili.

"Leo umeniletea kitoto?"

Alimlipa bei ya kitoto. Si mkatili, naye ana wateja wake wanaochagua kwa macho, nami ni mmoja wao. Saidi alitia zile pesa mfukoni bila kuzitazama, akanisindikiza hadi stendi.

"Dada, umeniokoa na mteremko," akaniambia. "Na njaa nani ataniokoa nayo?"

Wabeba mkaa hufunga kitambaa kwenye kamba za magunia yao ili kila mtu ajue lake. Akaniomba ile kanga, nyeusi tii kwa mkaa, akachana pindo lake jekundu. Alisema atalifunga kwenye magunia yake. Nikiliona kwenye mzigo wa Mama Fidea unaokuja Mwananyamala, nijue ameshuka salama.

Niliporudi kibandani, karani aliniuliza kama nimeuona huo uonevu uliokuwa unazungumzwa. Nikampa chai, nikamwambia nimeona visiki, kwa hiyo siwezi kusema ushuru usiwepo. Lakini anayelipa kwa lori na anayelipa kwa shingo yake wamehesabiwa sawa, na huo usawa anaoupenda umeota kilemba, na kilemba kinashuka Mzinga bila breki.

Siku hizi kila Jumamosi mkokoteni wa mkaa ukifika, naacha sufuria jikoni naenda kuangalia. Jumamosi iliyopita nililiona pindo jekundu la kanga yangu. Nilimshukuru Mungu pale pale njiani, watu wananitazama. Kisha nikasogea, nikanyoosha mkono kukipima kile kilemba. Kilikuwa kirefu kuliko kile nilichokikataa.