Jembe la Adhabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula nyeupe iliyotiwa wanga ikakakamaa, nikatembea kwa miguu kutoka Buguruni, nilikopanga chumba, hadi kwenye shule moja ya Temeke ambayo jina lake sitalitaja. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha si zamani. Nilikuwa na cheti cha ualimu mfukoni, na njia nzima nilikuwa nakigusa kuhakikisha bado kipo.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mrefu, asiyepandisha sauti. Hakunikaribisha kiti. Alinipeleka moja kwa moja nyuma ya madarasa, kwenye stoo ya mabati, akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na majembe yaliyopangwa ukutani kama bunduki za askari.

"Mwalimu Elia," akasema, "asubuhi utafundisha hesabu. Mchana utakuwa mwalimu wa bustani. Unayaona haya majembe?"

"Nayaona, Bwana Mkuu."

"Yana kazi mbili. Ya kwanza kilimo. Ya pili adabu. Mtoto akichelewa, jembe. Akipiga kelele, jembe. Akija na shati chafu, jembe. Ukimchapa mtoto fimbo, mzazi anakuja kulalamika. Kwa jembe sijamwona aliyekuja."

Nikaona hayo ni maneno ya mtu mwenye uzoefu. Nikapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Walimu vijana wa siku hizi huenda hawajui bustani ya shule ilikuwa kitu gani. Serikali ya Mwingereza ilitaka watoto wa Kiafrika wafundishwe kilimo kwa vitendo, hata sisi tuliokuwa pembeni mwa mji. Kila darasa lilikuwa na matuta yake. Palikuwa na kitalu, kijisehemu chenye kivuli cha makuti ambamo miche hulelewa mpaka ipate nguvu ya kupandikizwa. Tulipanda mchicha, bamia, biringani na nyanya. Chuoni nilifundishwa kwamba tuta zuri ni lile lililonyooka kwa kamba na kufagiliwa likawa safi kama sakafu, na hivyo ndivyo nilivyofundisha.

Mie mwenyewe ni mtoto wa mkulima wa Upare. Baba alikuwa akinionyesha viganja vyake vilivyopasuka, ananiambia, "Soma, usije ukawa kama mie." Nilisoma kwa ajili ya viganja vile. Kwa hiyo niliposimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha kilimo, nilikuwa nawafundisha kitu ambacho nilikuwa nimekikimbia, na nadhani waliliona hilo.

Darasa la tano lilikuwa na mvulana aitwaye Salumu. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge, na Salumu alilelewa na bibi yake, Bi Mwanakombo, mama wa Kizaramo aliyekuwa na shamba lake Buguruni kuteremkia bondeni. Masika alilima mpunga chini, na kule juu alikuwa na mihogo na kunde. Salumu alianza kushika jembe dogo kabla hajajua kusoma. Hesabu aliziweza, lakini ukimtazama darasani ulimwona anasubiri mchana.

Kiangazi cha mwaka wangu wa pili nilikuta tuta lake limefunikwa nyasi kavu.

"Salumu, uchafu gani huu?"

"Si uchafu, Mwalimu. Bibi anasema ardhi ikiachwa uchi jua linaila."

"Hapa si kwa bibi yako. Ondoa."

Aliondoa, lakini kwenye tuta la pembeni, nyuma ya kitalu, aliziacha. Nilijua, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye kisima kilipungua maji, matuta yangu yaliyonyooka kwa kamba yakakauka yote, miche ikalala. Lile la pembeni lilisimama. Nilitia kidole chini ya nyasi, nikakuta udongo una ubaridi. Siku ile nilijifunza kwa mwanafunzi wangu, na sikumwambia.

Badala yake nilimpa cheo. Nilimfanya msimamizi wa bustani, akawa ndiye anayewaonyesha kazi watoto walioadhibiwa. Nilidhani namheshimu. Sikufikiri kwamba karibu kila aliyeshika jembe mchana alikuwa na kosa, na kwamba nilikuwa nimemweka mtoto anayependa kulima awe askari wa wafungwa. Wenziwe wakampa jina la Nyapara.

"Nyapara, leo tuna wafungwa wangapi?" walimpigia kelele akipita. Alicheka nao mwanzoni.

Shule yetu ilikuwa na mambo mengine ya mchana. Kulikuwa na mpira, na bendi ndogo ya filimbi na ngoma iliyoongoza gwaride. Kwa miaka yote niliyofundisha niliona kwamba mtoto hufuata kile alichosifiwa nacho mbele ya wenziwe. Waliokuwa wakipiga ngoma za gwaride, kadhaa waliingia polisi. Wa mpira walichukuliwa bandarini, maana timu za huko ziliwataka. Hao walipigiwa makofi Jumamosi mbele ya wazazi. Watoto wa bustani hawakupigiwa makofi na mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Salumu akiwa darasa la sita, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho pale kwetu, tuliambiwa Bwana Shamba wa serikali atakuja kukagua bustani. Nilitaka mbolea ya samadi. Kwa kawaida iliombwa kwa barua, na barua ilipita kwa Mwalimu Mkuu, naye hakupenda kuombwa vitu. Palikuwa na Mwarabu mmoja mwenye duka na zizi la ng'ombe, jirani ya Bi Mwanakombo. Nikamwambia Salumu faraghani, "Kesho asubuhi pitia zizini, uniletee makapu mawili ya samadi."

Alikuja kengele ikiwa imeshalia zamani, makapu ameshayatua bustanini, mapajani kumejaa samadi, shati limelowa jasho. Shule nzima ilikuwa imesimama mstarini. Mwalimu Mkuu akamtazama kuanzia miguu.

"Umechelewa. Na shati hili?"

Salumu alinigeukia mie.

Mwalimu Mkuu naye akanigeukia. "Mwalimu Elia, huyu si ndiye msimamizi wako? Unajua alikuwa wapi?"

Nilikuwa na mke mwenye mimba ya kwanza na nilikuwa nangoja kuthibitishwa kazini. Hizo ndizo sababu nilizojipa baadaye. Wakati ule sikuwa na sababu, nilikuwa na hofu tu. Nikasema, "Sijui, Bwana Mkuu."

"Basi mpe jembe, wiki nzima. Msimamizi ndiye wa kuanza kuonyesha mfano."

Nikaenda stoo nikaleta jembe. Nilipomkabidhi, mtoto mmoja nyuma akapiga kelele, "Nyapara kafungwa!" na mstari mzima ukaangua kicheko. Hata walimu wawili walicheka. Salumu alilipokea, akaenda akalima. Wiki ile alilima matuta yaliyonyooka, safi, bila unyasi hata mmoja, na hakunisemesha.

Bwana Shamba alikuja mwisho wa mwezi. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, amesomea kilimo, mtu mchangamfu anayepiga magoti kushika udongo. Alipita kwenye matuta hadi akafika kule nyuma ya kitalu, penye lile tuta la Salumu la nyasi kavu.

"Hapa kalima nani?"

Salumu akaitwa. Bwana Shamba akamweleza kwamba kuna shule ya kilimo huko bara, na kwamba anaweza kupeleka jina la mvulana mmoja kutoka upande wetu. Akihitimu atakuwa bwana shamba, atatembea na baiskeli ya serikali kuwafundisha wakulima.

"Wataka?"

"Hapana, Bwana."

"Wataka nini basi?"

"Ukarani."

"Mtoto mwenye mkono huu?" Bwana Shamba akanitazama mie kana kwamba nina jibu. "Mwalimu, zungumza na wazazi wake. Nafasi naishikilia wiki moja."

Nikaenda Buguruni jioni ile ile. Bi Mwanakombo alikuwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu mkeka."

Nikamweleza habari za shule ya kilimo, heshima yake, baiskeli. Alinisikiliza huku vidole havisimami. Nilipomaliza akasema, "Mie ningependa sana aende. Tangu mdogo nilikuwa namwambia shamba ndilo lililotulea sie wote. Alikuwa akinisikia. Sasa hata hapa nyumbani hashiki jembe mpaka nigombe. Namuuliza, mjukuu wangu, una nini? Ananiambia, bibi, jembe la wakosaji."

Akauweka ungo wa mchele chini, akanitazama.

"Kuna kitu kilitokea huko shuleni, Mwalimu?"

Hapo nilipata nafasi ya pili. Ningesema mbele ya yule mama, akamwita Salumu, nikamwomba radhi, labda ile wiki moja ingetosha. Nikasema, "Watoto wa mjini, Bibi. Wanapenda kiti na meza." Akasema, "Haya," akanifungia mchele kidogo kwenye kitambaa nimpelekee mke wangu.

Nafasi ile ilikwenda kwa mvulana wa shule nyingine.

Nilithibitishwa kazini. Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Gongo la Mboto, kisha Kinondoni nikiwa Mwalimu Mkuu. Huko nilipiga marufuku jembe la adhabu. Siku ya wazazi niliweka meza ya mboga mbele, nikawasifu waliolima kwa majina yao. Mkaguzi wa shule aliniuliza kwa Kiingereza kama nimeanzisha soko. Mzazi mmoja alinijia juu, akasema hakumleta mwanawe shule aje asifiwe kwa bamia. Niliendelea hivyo hivyo, ingawa sina mwanafunzi hata mmoja ninayeweza kumtaja kwamba alikuwa mkulima kwa kupenda. Huenda nilichelewa, au huenda na wao walikuwa na akina baba wanaowaonyesha viganja nyumbani.

Mwaka niliostaafu nilipeleka karatasi zangu katika ofisi moja mjini. Karani aliyekuwa mezani alisoma jina langu, akainua macho. Alikuwa na mvi chache na miwani.

"Shikamoo, Mwalimu Elia."

"Marahaba. Ni Salumu?"

"Ndiye mie."

Nikamuuliza habari za bibi. Akaniambia alikwishafariki, na kule shambani kumejengwa nyumba. Nikamuuliza kama ana kabustani nyumbani. Akatikisa kichwa. "Mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa siku ya kumzika."

Nikamwambia, "Salumu, siku ile ya samadi, nilijua ulikuwa wapi. Mie ndiye niliyekutuma."

"Najua, Mwalimu," akasema, bila hasira. "Si ulinituma mie?"

"Naomba unisamehe."

Aligonga muhuri kwenye karatasi zangu, moja baada ya nyingine, akazipanga vizuri. "Mie sikuchukia kulima," akasema. "Hata ile adhabu ningeifanya. Ila pale mstarini nilikuwa nakutazama, nikijua utasema. Nikawa nangoja." Akanipa karatasi. "Yamepita, Mwalimu. Na kazi hii si mbaya, watoto wamesoma." Nyuma yangu palikuwa na watu wanasubiri, nikampisha aliyefuata.

Hakusema kama amenisamehe, na sikurudi kumuuliza. Walimu vijana wanaonitembelea hapa Kinondoni huniuliza namna ya kumjua mtoto atakuja kuwa nani. Nawaeleza niliyoyaona ya gwaride na mpira na bustani, na wanaandika. Wakishaondoka nakaa nafikiri kwamba kwa Salumu sikuhitaji kujua yote hayo. Ilitakiwa nifungue mdomo pale mstarini, na muda wa kufanya hivyo ulikuwa kama dakika moja.